BBA chuo binafsi kwa ada ya mjomba: niende au nisubiri mwakani?

Mpunga_Kahama

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGE: Jiografia C, Historia D, Uchumi E, BAM (hisabati tumizi ya msingi) nina S. Vyuo vya serikali vimenitema awamu zote. Nimepata chuo kimoja binafsi Dar, Shahada ya Usimamizi wa Biashara (BBA), miaka 3. Mjomba wangu ni mfanyabiashara wa mchele, kasema ada ataibeba yeye. Baba mdogo naye anasema BBA ni kozi ya waliokosa kozi, na cheti cha binafsi waajiri wanakitupa pembeni. Siku za kuthibitisha zinaisha. Mliosoma hii kitu nipeni ukweli, msinibembeleze.

Kimbweta_Namba_Moja

Dogo, Sekretarieti ya Ajira wanaita watu kwenye usaili wa mchujo, wa binafsi na wa serikali mnakaa ukumbi mmoja na karatasi moja. Mwambie baba mdogo hivyo. Ila kuhusu "waliokosa kozi"... darasani kwetu tulikuwa wengi, na wengi kweli walikosa kozi.

Mama_Mashine

Mdogo wangu, mimi nimesoma hiyohiyo BBA, chuo binafsi, na leo naendesha mashine ya kusaga na kukoboa ya familia Manyoni. Nikuambie ninayoyajua.

Kwanza fungua mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, itafute kozi yenyewe, si jina la chuo tu. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya, na vingi vilikuwa binafsi. Ukiiona kozi yako mle, endelea.

Sasa pesa, hapa ndipo wengi wanapokwama. Ile ada kwenye barua si yote. Chini yake kuna usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, mitihani, bima, na ada ya TCU ya kudhibiti ubora. Geto nalo, yaani chumba cha kupanga, wenye nyumba Dar wanataka kodi ya miezi kadhaa mkononi. Na chuo binafsi hakina huruma ya UE, mtihani wa mwisho wa semesta: usipomaliza ada, namba ya mtihani haitoki, unabaki kwenye kimbweta, benchi la nje, wenzako wakiingia ukumbini.

Fikiria kalenda ya mjomba. UE ya semesta ya pili kwa kawaida inaangukia katikati ya mwaka. Wakati huo mpunga ndio unatoka shambani na yeye pesa yote ameifukia ghalani. Tajiri, lakini mfukoni hana kitu! Mwombe ada ya semesta ya pili ailipe Februari au Machi, mchele ukiwa na bei na anauza. Hilo ukilipanga naye kabla hujapanda basi, somo la mzunguko wa fedha umeshalianza nyumbani.

Kuhusu kozi. Mwaka wa kwanza ni mseto: kanuni za usimamizi, uhasibu, sheria ya biashara, uchumi, hisabati. Ukikariri madesa (notsi za kurithi) utapita na hutabaki na kitu. Mimi kilichonifungua macho ni uhasibu wa gharama mwaka wa pili. Mama alikuwa anahesabu pesa ya jioni kwenye kopo, kopo likijaa tumepata. Likizo nikakaa na daftari: umeme wa LUKU, posho ya msagishaji, nyundo na chekeche, na uchakavu wa mota, ambao hakuna mtu aliyewahi kuuhesabu. Kukoboa kulikuwa kunakula umeme kuliko kusaga, na bei tumeiweka ileile! Tukaitenganisha. Na pumba tulizokuwa tukiwaachia wafugaji bure tukaanza kuuza kwa gunia. Wateja wawili watatu walinuna, wakarudi.

Kama unataka ajira, BBA tupu ni pana mno. Matangazo yanataka Mhasibu, Afisa Ugavi, Afisa Rasilimali Watu. Chagua tawi mapema na uambatanishe na bodi yake ya taaluma: uhasibu NBAA, ununuzi na ugavi PSPTB. Waliosubiri wahitimu kwanza ndipo waulizie mitihani ya bodi, wengi bado wanaulizia.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, usikimbilie ofisi ya mjini Posta, Dar, utakakotumwa chai na fotokopi. Rudi Kahama, kuna AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, za pamba na tumbaku. Omba wakuonyeshe vitabu vya stoo.

Diploma_Kwanza

Dada umeeleza vizuri ila mimi sikubali. Kwa pesa hiyo aende CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) diploma miaka miwili, apate ujuzi, digrii ataikuta. Au akae na mjomba ghalani mwaka mmoja.

Mama_Mashine

Diploma si mbaya, nakubali. Lakini ana C na D, pointi za kuingia digrii anazo, kwa nini azunguke? Angekuwa hana wa kumlipia ningesema kama wewe. Ghalani ataingia kila likizo, mjomba hatamwachia.

Mpunga_Kahama

Asante sana dada. Na mkopo je?

Kimbweta_Namba_Moja

Omba, Bodi ya Mikopo inakopesha wa binafsi pia. Usiupigie hesabu kabla jina halijatoka. Na bumu, hiyo pesa ya mkopo, si zawadi: ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Mpunga_Kahama

Nimeongea na mjomba jana usiku. Machi kakubali bila ubishi, kasema hata yeye ingemsumbua Julai. Ila anataka mchanganuo wa gharama zote kwenye karatasi, mwaka kwa mwaka, ndipo nithibitishe.

Mama_Mashine

Mwandikie leo. Piga simu ofisi ya fedha ya chuo wakutajie kila mstari, usikisie. Na kama una kadi ya bima ya mzazi ulizia kama wataikubali, usije ukalipa bima mara mbili.