Re: Kadi ya chuo imekataliwa kituoni (Texas)

Neema, Fort Worth:
Shikamooni wakubwa. Kadi ya chuo yenye picha imekataliwa kwenye kura ya mapema. Leseni ya udereva imeisha muda zaidi ya miaka 4. Nina cheti cha uraia. Nibebe chenyewe au kopi inatosha?

Baba Asha, Houston:
Marahaba. Hiyo ni SB 14 ya 2011, sheria ya Texas ya kuonyesha kitambulisho chenye picha unapopiga kura. Leseni ya bastola inapita, kadi ya chuo haipiti! ALEC, ile jumuiya ya wabunge wa majimbo na makampuni inayotunga miswada ya mfano, ndio walioiandika. Jaza RID, ile fomu ya kiapo ya asiye na kitambulisho, beba bili ya umeme, upige kura.

Mwalimu, Dallas:
Baba Asha, unampoteza mtoto. RID ni ya asiye na hata kimoja kati ya vile vitambulisho 7 vinavyokubaliwa na hana namna ya kukipata. Cheti cha uraia chenye picha kimo humo. Akisaini RID huku anacho kabatini, ameapa uongo. Tena Texas ilileta miswada ya namna hii tangu 2005. Muswada wa mfano wa ALEC ni wa 2009, umekuja baadaye.

Baba Asha:
Enzi hizo ada ya mbunge kuingia ALEC ilikuwa dola 50 kwa mwaka, kampuni maelfu, halafu wanapigia kura miswada meza moja. Ile kamati ya ALEC ya usalama na uchaguzi kwa nini waliivunja Aprili 2012, Coca-Cola ilipojitoa?

Mwalimu:
Kama muswada umenakiliwa kwa ALEC, unathibitisha kwa maneno ya muswada wenyewe. Ingia Texas Legislature Online, tovuti ya bunge la Texas, weka namba ya muswada, chukua toleo lililowasilishwa kwanza, maana marekebisho hufuta dalili za kunakili. Soma kifungu cha tafsiri ya maneno: kichwa hubadilishwa, tafsiri mara nyingi huachwa zilivyo. Tafuta sentensi nzima mtandaoni ndani ya alama za kunukuu, kisha angalia orodha ya mashahidi, kampuni gani ilikuja kuunga mkono. Florida, 2011, mbunge Rachel Burgin aliwasilisha azimio la kodi ya makampuni likiwa bado na sentensi inayotaja dhamira ya ALEC! Akaliondoa, akalirudisha bila sentensi hiyo.

Mama Zuhura, Minneapolis:
Kwetu Tanga unaenda na kadi ya mpiga kura, basi. Huku Minnesota 2012 walitaka sharti hili la kitambulisho liingie kwenye katiba, wapiga kura wakalikataa.

Neema:
Asanteni. Chenyewe au kopi?

Baba Asha:
Mwalimu, na Wisconsin? Sheria ya 2011 iliyofuta likizo ya ugonjwa waliyoipigia kura watu wa Milwaukee 2008, Agosti hiyohiyo ikagawiwa kwenye mkutano wa ALEC New Orleans. Hiyo nayo utaniambia nini?