Mashine pepe, makontena au huduma ndogondogo: kipi kinapunguza kweli gharama za seva?

jamaa_wa_seva aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijawaingiza watu hasara.

Nina mfumo wa SACCOS ulioandikwa kwa Java (kwa kutumia kiunzi cha Spring Boot), hifadhidata ni PostgreSQL. Uko kwenye seva moja ya kukodi, kore 16 na RAM GB 64. Aliyenitangulia aliikata seva vipande saba vya mashine pepe (kompyuta za kuigiza ndani ya seva), kila kimoja GB 8: mfumo wenyewe, hifadhidata, tovuti ya wanachama, ripoti, SMS, majaribio, na kimoja ambacho hadi leo sijui kinafanya nini ila naogopa kukizima. GB 56 zimeshagawiwa, kwa hiyo mteja akitaka kitu kipya jibu ni kwamba seva imejaa, tukodi nyingine. Na kodi ni kwa dola.

Jana usiku nikaingia kwenye kila mashine nikapiga `free -m` kuona RAM inayotumika. Ya SMS inatumia MB 640. Tovuti GB 1.3. Ripoti imelala mwezi mzima, halafu kuanzia tarehe 28 inafungua michakato ya kutengeneza PDF za wanachama wote, inakula GB 8 zote hadi inaanza kuhema. Prosesa kwa jumla haivuki asilimia 11.

Njia ninazolinganisha:

A. Nibaki na mashine pepe, nizipunguze ukubwa tu.
B. Mfumo ubaki gogo moja (programu moja nzima), niuweke kwenye makontena kwa Docker Compose (zana ya kuwasha makontena kwa faili moja), seva hiyohiyo.
C. Niuvunje uwe huduma ndogondogo sita (kijana wetu ameshachora mchoro, mzuri kweli), nipandishe Kubernetes (mfumo wa kuendesha makontena kwenye kundi la seva).

Bosi amesoma mahali kwamba C ndiyo inayobana matumizi. Ni kweli?

mzee_wa_logi alijibu:

Mkuu, bosi amechanganya mambo mawili. Kontena ni namna ya kufungasha na kupakia. Huduma ndogondogo ni namna ya kuikata programu. Unaweza kufanya moja ukaacha nyingine, na akiba unayoitafuta wewe iko kwenye kupakia.

Mashine pepe inabeba mfumo endeshi mzima na kerneli yake (kiini cha mfumo endeshi), na RAM uliyoikatia kwa kawaida inabaki yake hata ikiwa imelala. Kontena ni mchakato wa kawaida wa Linux uliowekewa uzio: kerneli ni moja kwa wote, cgroups, sehemu ya kerneli, ndizo zinazompimia kila mmoja prosesa na RAM. Si jambo la jana hilo. Wahandisi wa Google walianza kazi ya cgroups mwaka 2006, zikaingia kwenye Linux 2.6.24 mwaka 2008, Docker ikaja 2013 ikaturahisishia sisi wa kawaida. RAM ambayo SMS haiitumii inabaki ya wote, na tarehe 28 ripoti itaikuta.

Nakupa B. Ila hifadhidata iache kwenye mashine pepe yake, iongezee hadi GB 16, usiiguse tena.

klasta_ya_mtaani alijibu:

Msiidharau C jamani. Ripoti na SMS zina mzigo wa sura tofauti kabisa, na gogo moja linakulazimisha kulikuza lote kwa ajili ya kipande kimoja. Kwetu tuna seva tano, Kubernetes inapanga podi (vifurushi vya makontena) pale penye nafasi, usiku tunazima mbili. Huwezi kufanya hivyo kwa mkono kila siku.

mzee_wa_logi alijibu:

Seva tano, sawa kabisa. Yeye ana moja. Kubernetes kwa Kigiriki ni mshika usukani. Sasa mwenye ngalawa moja anatafuta nahodha na mabaharia watatu wa nini? Ukisimamisha kwa kubeadm (zana ya kuisakinisha), nodi ya usimamizi, yaani seva inayosimamia nyingine, peke yake inataka angalau GB 2 na kore 2 kabla hujaweka hata mstari mmoja wa kazi yako. Ukitaka isife, etcd (hifadhidata ya Kubernetes yenyewe) inataka nodi tatu.

BintiPwani alijibu:

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi niliipita njia hiyo ya C, tena kwa mchoro mzuri kama huo wa kijana wenu, kwenye kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi (jina nalihifadhi).

Tulikuwa na gogo la Java linalotumia kama GB 1.5. Tukalivunja huduma sita. Kila huduma ni JVM yake (injini inayoendesha Java), na kila moja ikiwa imekaa tu, haina mteja, ilikula takriban MB 350. Tukasema kwa usalama kila moja iwe na nakala mbili. Piga hesabu: kumi na mbili mara 350, zaidi ya GB 4 za kukaa bure! Kazi ni ileile, wateja ni walewale. Na kile ambacho zamani kilikuwa mwito wa ndani ya programu sasa kikawa JSON (data iliyoandikwa kama maandishi) inasafiri mtandaoni, inafungwa hapa, inafunguliwa pale.

Kilichotuumbua ni hifadhidata. Spring Boot kwa kawaida humpa kila nakala miunganisho 10 ya PostgreSQL. Nakala 12 mara 10 ni 120, na PostgreSQL usipoigusa inaruhusu 100. Ijumaa saa kumi jioni logi zote zinaimba `sorry, too many clients already`, huku seva yenyewe iko baridi kabisa, prosesa asilimia 9. Tukaweka PgBouncer (programu ya kugawana miunganisho) katikati, mambo yakatulia. Lakini hicho ni kitu kingine cha kulea, na kabla hatujavunja hatukukihitaji.

klasta_ya_mtaani alijibu:

Dada, hapo tatizo ni Java, si huduma ndogondogo. Kwa lugha ya Go huduma moja inakaa kwenye MB 20.

BintiPwani alijibu:

Kweli, ila yeye ana Java. Akianza kuandika upya kwa Go mwaka utaisha bado anaandika.

KodiSafi alijibu:

Swali moja tu kabla hujaenda B: Java toleo gani?

jamaa_wa_seva alijibu:

8u151 (Java 8, sasisho la 151). Ndiyo, najua.

KodiSafi alijibu:

Basi simama hapohapo. Java ya zamani haiuoni uzio wa kontena, inaona seva nzima. Usipoiambia kitu, inajiruhusu robo ya RAM inayoiona. Ndani ya mashine pepe ya GB 8 ilikuwa inajipa GB 2, ukaizoea. Ukiiweka kwenye kontena la GB 2 juu ya seva ya GB 64, itajiona tajiri wa GB 16. Itajaza taratibu, ikigusa kikomo kerneli inaiua papo hapo. Kwenye logi ya programu hutaona kosa lolote, utaona tu kontena limetoka na namba 137. Hiyo ni 128 jumlisha 9, na 9 ndiyo ishara ya kuua.

Marekebisho yalikuja 8u191. Lakini kama Linux yako ni mpya yenye cgroups v2 (toleo la pili), nenda 8u372 au juu zaidi. Na kikomo cha RAM usikisahau kwenye faili la Compose, la sivyo ripoti itawameza wenzake wote tarehe 28.

mzee_wa_logi alijibu:

Naongezea la prosesa, maana watu huumia bila kujua. Ukiweka kikomo cha nusu kore, kerneli haikupi kore yenye mwendo wa nusu. Inakupa milisekunde 50 katika kila 100. Programu yenye nyuzi nne (kazi za sambamba) zikikimbia pamoja inamaliza mgawo kwa milisekunde 12.5, halafu inakaa mikono kifuani milisekunde 87.5 zilizobaki. Mteja anaona mfumo unakwamakwama, wewe ukiangalia grafu unaona prosesa imetulia. Kwa hiyo RAM wekea kikomo kikali, prosesa gawa kwa uzito tu (nani apate zaidi kore zikigombaniwa).

klasta_ya_mtaani alijibu:

Hapo nakuunga mkono, na nikiri dhambi: hata Kubernetes yetu ilikuwa inasema nodi zimejaa huku grafu ziko asilimia 12. Mpangaji wake haangalii kinachotumika, anaangalia ulichoomba. Vijana walikuwa wanaandika GB 2 kila podi kwa kunakili faili la mwenzao. Tulipopima na kuandika namba za kweli ndipo tukapata hizo seva mbili za kuzima.

mgeni_wa_docker alijibu:

Si hata Prime Video ya Amazon ilirudi kwenye gogo ikaokoa asilimia 90?

BintiPwani alijibu:

Ni kikosi kimoja cha Prime Video, cha kukagua ubora wa picha na sauti, walieleza mwaka 2023. Vipande vyao vilikuwa vinapitishiana data ya video kupitia S3 (ghala la mafaili la Amazon), wakaviweka ndani ya mchakato mmoja. Haina maana Prime Video nzima ni gogo.

jamaa_wa_seva aliandika (wiki tano baadaye):

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Nilichukua B, na kipande kimoja tu cha C: nimeitoa ripoti. Sasa ni kontena peke yake, linachukua kazi kwenye foleni, kikomo GB 24, foleni ikiisha linazimika. Mengine yote bado gogo. Hifadhidata iko kwenye mashine pepe yake ya GB 16 kama mzee alivyosema. Java nimepandisha, usiku wa kwanza wa majaribio nililisahau kontena moja na toleo la zamani, nikaiona 137 kwa macho yangu saa nane usiku. Asante KodiSafi, vinginevyo ningekesha.

Siku za kawaida makontena yote kwa pamoja ni kama GB 6. Mwisho wa mwezi ripoti ilipanda hadi GB 19, ikamaliza kwa saa moja na nusu badala ya usiku mzima. Mteja mpya ameshaingia kwenye seva hiyohiyo. Bosi bado anauliza Kubernetes lini.

Na ile mashine ya saba niliizima Jumamosi. Jumatatu saa tatu asubuhi mhasibu wa tawi akapiga simu: mbona barua pepe ya salio la asubuhi haijaja? Ilikuwa skripti ya mistari 14, imekalia GB 8 miaka yote hiyo. Sasa iko kwenye kontena la MB 64, na mhasibu anasema siku hizi inafika mapema.