Boti ya futi 23: nibaki na mashine ya 40 ya kuchanganya, nipande fostroki ya 60, au nishuke hadi 15?

Mpwa_Kunduchi
Wakuu, habari za jioni. Nina boti ya faiba ya futi 23, mbele ina kijumba cha kulala wawili, nyuma turubai. Haivui wala haibebi abiria, ni ya familia tu: Jumapili kisiwa cha Mbudya, mara mojamoja kulala kisiwa cha Sinda, na mwaka huu nataka tufike Bagamoyo. Niliinunua ikiwa na mashine ya nguvu za farasi 40 ya kuchanganya oili kwenye petroli (tustroki). Juzi nimetoka Kunduchi hadi Sinda na kurudi, madumu matatu ya lita 20 yameisha na la nne nimeligusa. Mama watoto kasema safari ijayo tupande daladala.

Nina njia tatu. Nibaki na hii niirekebishe, ninunue fostroki (ile isiyochanganywa oili na petroli) ya 60, au nifunge fostroki ndogo ya 15 nitembee taratibu. Ipi inakunywa kidogo?

Fundi_Gati
Kabla hatujafika kwenye mashine: mlikuwa wangapi, mizigo ilikaa wapi, na mlikuwa mnatembea noti (maili za baharini kwa saa) ngapi?

Mpwa_Kunduchi
Watu saba, boksi la barafu, maji ya kunywa lita 40, na madumu yote ya mafuta nyuma kabisa. Kwenye simu nilikuwa naona noti 8 au 9. Nilijizuia makusudi nisikanyage sana, nibane mafuta.

Fundi_Gati
Hapo ndipo mafuta yalipoishia, mkuu. Noti 8 au 9 kwa boti yako ndiyo spidi mbaya kuliko zote.

Boti yoyote ina mwendo wake wa kukata maji. Chukua urefu unaogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43. Yako inagusa maji kama mita 6, kwa hiyo unapata noti 6 hivi. Chini ya hapo inateleza, hata mashine ndogo inaiweza. Ukilazimisha zaidi, tezi (nyuma ya boti) inazama, pua inaangalia mawinguni, na boti inakuwa inapanda mlima wa wimbi lake yenyewe. Haitoki kwenye mlima huo mpaka ipande juu ya maji, na kwa mzigo wako hiyo ni noti 13 au 14. Wewe umekaa mlimani kwenda na kurudi.

Acha pia kuhesabu lita kwa saa. Hesabu lita kwa maili ya baharini. Kunduchi hadi Sinda weka maili 15, kwenda na kurudi 30. Lita 60 na ushei kwa maili 30 ni lita 2 kila maili. Boti kama yako, chini safi, mzigo umepangwa, kwa 40 ya kuchanganya ikipanda vizuri na kwenda noti 17 au 18, inapaswa kula kama lita 1.

Mzee_wa_Feri
Vijana mnakimbilia fostroki. Hii ya kuchanganya ikizima katikati ya maji nafungua plagi, nafuta, navuta kamba, naondoka. Spea zake zipo kila mwalo kuanzia hapa mpaka Kilwa. Fostroki yenye kompyuta ikigoma unampigia nani simu?

Binti_Msasani
Shikamoo Mzee. Kuharibika ni kweli, lakini kijana kauliza mafuta. Ya kuchanganya inatupa petroli mbichi kwenye ekzosi, tundu la kutolea moshi likiwa wazi wakati mchanganyiko mpya unaingia. Ndiyo maana mashine mpya za kuchanganya zenye kabureta haziuzwi tena Marekani na Ulaya. Juu yake kuna oili: 50 kwa 1, kila dumu la lita 20 unatia mililita 400. Iingize kwenye hesabu, watu huwa wanaisahau.

Mimi nina njia yako ya tatu. Boti futi 22, fostroki ya 15, propela ya pichi ndogo (mlalo mdogo wa mapanga) ya kusukuma mzigo. Noti 5 na nusu hadi 6, inakunywa kama lita 3 kwa saa. Ni nusu lita kwa maili. Msasani hadi Bongoyo hata lita 2 haiishi, tunafika tunapiga hadithi bila kupigiana kelele.

Ubaya wake nausema pia. Bagamoyo kutoka kwako ni maili 25 hivi, kwa hiyo saa nne na zaidi. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, unakwenda na upepo mgongoni, raha tupu, kurudi ndiyo kazi. Mwaka jana mwezi wa saba nilirudi usoni mwa kusi na maji yanakupwa, nikawa natembea noti 3. Mafuta ni yaleyale kwa saa, maili nusu. Na ukiona wingu jeusi huwezi kulikimbia.

Mpwa_Kunduchi
Na hiyo 60?

Fundi_Gati
Ikipanda noti 17 kwa gesi ya kati, weka lita 12 kwa saa, yaani 0.7 kwa maili. Ni nzuri, na kimya. Lakini inazidi kilo 100, na tezi yako imeshalemewa, uliza kwanza kibao cha nyuma kinachofungwa mashine kinabeba kilo ngapi. Halafu piga hesabu ya fedha. Ukisharekebisha 40 ikashuka hadi lita 1, safari ya maili 30 fostroki inakuokolea lita 9. Tuseme lita ni shilingi 3,000, ni 27,000 kwa safari, pamoja na oili kidogo. Safari mbili kwa mwezi, laki sita na nusu kwa mwaka. Nenda duka la mashine ukaulize bei ya 60 mpya, ugawanye mwenyewe.

Anza na vya bure. Ipandishe boti mchangani wakati wa bamvua (maji makubwa), kwangua chini. Sogeza madumu mbele. Angalia mizunguko ya mashine kwa dakika gesi ikiwa mwisho: hiyo 40 yako ikishindwa kufika 4,500 hadi 5,500, propela ni kubwa mno. Weka na kichujio cha kutenganisha maji, madumu yetu haya hayaaminiki.

Mzee_wa_Feri
Na mafuta gawa mafungu matatu. La kwenda, la kurudi, la Mungu.

Mpwa_Kunduchi
Wakuu narudi na majibu. Chini kulikuwa na magamba unene wa kidole. Nimekwangua, nimepaka rangi, madumu yamehamia chini ya kitanda cha mbele (kijumba kinanuka petroli, sitarudia, nayahamishia katikati). Propela nimeshuka pichi mbili. Sinda na kurudi, noti 17, lita 38.

Binti_Msasani
Hongera! Watu wangapi?

Mpwa_Kunduchi
Wanne.

Binti_Msasani
Haya, rudi na wale saba ndiyo utuambie.