Waya, Bluetooth au Wi-Fi: njia ipi inafaa kuunganisha simu na laptopu kwenye amplifaya ya nyumbani?

Sauti_ya_Uluguru:
Wakuu, habari za jioni. Baba mdogo amerudi kutoka Uingereza na ameniachia amplifaya yake ya zamani ya stereo, NAD 3020, pamoja na spika zake mbili. Nimeijaribu na redio ya FM, inalia safi kabisa. Sasa nataka nisikilizie nyimbo zangu zilizoko kwenye simu (Android isiyo na tundu la earphone) na kwenye laptopu. Mke wangu anatumia iPhone. Nyuma ya amplifaya kuna matundu yameandikwa PHONO, TUNER, AUX na TAPE.

Dukani kila mtu ana lake. Huyu anasema nunua waya tu, yule anasema nunua kifaa cha Bluetooth, mwingine anasema bila kifaa kinachoitwa DAC natupa hela. Mimi nataka sauti nzuri ya kukaa sebuleni, sina haja ya kutikisa mtaa. Waliowahi kufanya hii kazi naomba wanilinganishie kwa ukweli. Natanguliza shukrani.

Fundi_Mchikichini:
Mkuu hongera sana, umepata kitu. Mashine hiyo ilitoka 1978, imeandikwa wati 20 kila upande lakini inasukuma spika kuliko namba hiyo inavyokuonyesha. Itunze.

Kwa mtu anayekaa sebuleni kusikiliza, waya ndio wa kwanza. Unahitaji waya wenye pini moja ya milimita 3.5 upande mmoja na pini mbili za RCA upande wa pili. Nyekundu ni kulia, nyeupe (wakati mwingine nyeusi) ni kushoto. Chomeka AUX. Kama AUX ina kitu kingine, tumia TAPE, lakini angalia vizuri: TAPE ina jozi mbili za matundu. Jozi moja inapokea sauti kutoka kwenye deki ya kaseti, nyingine inatoa sauti kwenda kurekodiwa. Ukichomeka simu kwenye ile ya kutoa, utakaa unapandisha volyumu hadi kesho na hutasikia kitu. Halafu kumbuka kubonyeza kitufe cha TAPE pale mbele.

PHONO usiiguse. Ile ni ya pleya ya santuri, ambayo sindano yake inatoa sehemu chache tu za elfu za volti moja, kama milivolti 3 hadi 5. Kwa hiyo tundu hilo linakuza sauti karibu mara mia moja na kuongeza besi kwa makusudi, kwa sababu santuri hukatwa ikiwa imepunguzwa besi. Simu inatoa karibu nusu volti hadi volti moja. Ukiichomeka pale utapata mkwaruzo mtupu, na spika zinaweza kuumia.

Kuhusu volyumu: ya simu iweke karibu na mwisho, ya amplifaya ianze sifuri, kisha pandisha taratibu kwa mkono. Wengi wanafanya kinyume, simu chini na amplifaya juu, halafu wanalalamika wanasikia "shhhh".

Nuru_Tanga:
Nakazia maneno ya fundi, ila hapo kwenye simu isiyo na tundu pana mtego. Kaka, adapta za USB-C kwenda tundu la earphone ni za aina mbili na kwa macho zinafanana. Moja ina chipu ndani, yaani DAC ndogo inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida. Nyingine ni waya tu, haina chipu, inategemea simu yenyewe itoe sauti kupitia USB-C. Simu nyingi za sasa hazifanyi hivyo, kwa hiyo adapta ya aina hii inakaa kimya. Nenda dukani na simu yako, chomeka, piga wimbo, ndipo utoe hela.

Hiyo chipu ndiyo DAC uliyoambiwa. Hata simu yenye tundu la earphone ina DAC ndani, la sivyo isingetoa sauti. Swali ni kama unahitaji nyingine bora zaidi ya nje, na kwa spika za kawaida za sebuleni mimi ningesubiri kwanza.

Ya shemeji: iPhone 7 ya 2016 hadi zile za 14 zinatumia Lightning, tundu la Apple wenyewe, kuanzia 15 ya 2023 ni USB-C. Adapta ya Apple ya aina zote mbili ina chipu ndani.

KijanaMakongoro:
Naomba nitofautiane nanyi kidogo. Nyumbani kwangu kuna watoto, wageni, shemeji, kila mtu na simu yake. Ukiweka waya, simu inabaki imefungwa kwenye kabati. Mtu akipigiwa, muziki unakata na anatoka nayo nje. Nilinunua kipokezi cha Bluetooth, kidude kidogo kama kiberiti, nikakichomeka AUX na kwenye chaja ya USB. Kila anayekuja anaunganisha akiwa kwenye kochi. Sauti ni nzuri, na sijaona mgeni aliyelalamika.

Mkuu ukienda kununua usibabaishwe na "Bluetooth 5 hii, ile ni 4". Namba hiyo haikuambii ubora wa sauti. Uliza inapokea mfumo gani wa kubana sauti. SBC wanayo wote. iPhone inatumia AAC, kwa hiyo kwa ajili ya mama hakikisha AAC ipo. Android nyingi zina aptX au LDAC ya Sony, ambayo inafika kilobiti 990 kwa sekunde, lakini lazima na kipokezi kiwe nayo. Vya bei ya chini vingi vinaishia SBC.

Mzee_wa_Santuri:
Kijana, sikupingi kwa wageni. Lakini mwenye uzi anataka kukaa na kusikiliza. CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. SBC ikiwa kwenye hali yake nzuri ni kama 328. Sikiliza matoazi ya ngoma, au zile filimbi na fidla za taarabu zikiingia pamoja: kwa waya unaweza kuzitenganisha, kwa SBC zinaanza kushikana. Wimbo wa dansi wenye magitaa matatu ndio unaonyesha tofauti kuliko wimbo wa leo uliojaa besi.

Na jambo ambalo hakuna aliyeligusa: faili lenyewe. Wimbo uliotumwa kwa WhatsApp, ukabanwa, ukatumwa tena, hauna DAC itakayourudishia kilichopotea. Kabla ya kununua kifaa chochote, pata nyimbo mbili tatu unazozijua vizuri, zilizotolewa kwenye CD au zilizopakuliwa kwa ubora wa juu, na uzitumie hizo kupima.

Pia Bluetooth ina ucheleweshaji. Kwa muziki huuoni, lakini ukitazama filamu kwenye laptopu, midomo inatangulia na maneno yanafuata.

KijanaMakongoro:
Hapo kwenye filamu nakubali, mzee wangu, inaudhi. Baadhi ya programu za video zinajirekebisha zenyewe, nyingine hapana. Na kabla sijasahau: simu ikiunganishwa, kila ujumbe unaoingia unalia kwenye spika kwa sauti ya muziki. Zimeni arifa.

Sauti_ya_Uluguru:
Asanteni sana, nimejifunza mengi. Leo nimenunua waya pamoja na adapta yenye chipu (nimeijaribu palepale dukani, asante dada Nuru). Simu inalia vizuri mno, nimesikia vitu kwenye nyimbo nilizozizoea ambavyo sikuwahi kuvisikia kwenye earphone. Tatizo ni laptopu. Nikiichomeka kwa waya huohuo nasikia mvumo mzito, "mmmmm", hata kabla sijapiga wimbo. Waya ni mbovu?

Fundi_Mchikichini:
Waya mzima, simu imeshakuthibitishia. Chomoa chaja ya laptopu uache itumie betri. Mvumo ukipotea, jua ni mzunguko wa ardhi. Laptopu imeshika ardhi kupitia plagi ya chaja, amplifaya nayo imeshika ardhi kwa njia yake, na waya wa sauti umeziunganisha hizo mbili. Umeme kidogo unazunguka humo na unausikia kama mvumo wa hezi 50, ule wa umeme wa ukutani.

Anza na dawa ya bure: chaja ya laptopu na amplifaya zote zichomeke kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi mvumo unapungua sana. Usipoisha, kuna kiboksi kidogo cha kukata mvumo chenye transfoma mbili ndani, kinakaa katikati ya waya. Vya hovyo vinakula besi, kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa. Au sikiliza kwa betri, basi.

Na tafadhali, asije mtu akakushauri ukate pini ya ardhi ya plagi. Mvumo utaisha kweli, lakini siku waya wa ndani ukigusa bodi ya chuma, utakayeshika amplifaya ndiye utakuwa njia ya umeme.

Nuru_Tanga:
Wengi wanakimbilia kununua DAC ya USB kwa tatizo hili. Waya wa USB una ardhi ndani yake, kwa hiyo mvumo unapita palepale. DAC ya USB inasaidia kelele za aina nyingine, zile nyembamba za "krrr" zinazobadilika ukisogeza mausi au faili likifunguka. Hizo zinatoka ndani ya laptopu yenyewe. Kinachokata ardhi kabisa ni Bluetooth au waya wa optiki, kwa sababu hapo hakuna shaba inayounganisha pande mbili.

Msikilizaji_Luthuli:
Niko Nairobi, naona Wi-Fi haijaguswa. Ndiyo ninayotumia mimi. Kifaa kama WiiM Mini kinakaa AUX, simu inakiambia tu kipige wimbo gani na chenyewe kinauvuta kutoka kwenye intaneti. Ukipigiwa simu muziki hausimami, na ubora haupunguzwi kama Bluetooth. Google walikuwa na Chromecast Audio, kifaa kizuri sana kwa kazi hii, waliacha kuitengeneza 2019. Ukiiona imetumika na inafanya kazi, chukua.

Lakini niseme wazi: hii ni ya mwenye intaneti ya nyumbani isiyokatika. Kama unategemea bando na hotspot ya simu, achana nayo. Stima zikipotea, hata ukiwa na betri ya akiba, ruta ikizimika muziki umekwisha, wakati mwenye waya anaendelea.

Sauti_ya_Uluguru:
Mimi natumia bando, kwa hiyo Wi-Fi iwekwe pembeni kwanza. Ekstensheni moja imepunguza mvumo, umebaki kidogo sana, na usiku nitatumia betri. Nimeamua hivi: waya ubaki AUX kwa ajili yangu, kipokezi cha Bluetooth chenye AAC nikiweke TAPE kwa mke wangu na wageni. Swali la mwisho, je, naweza kuviacha vyote viwili vimechomekwa muda wote? Na laptopu nayo niiunganishe AUX hapohapo kwa pini ya kugawa mara mbili?

Fundi_Mchikichini:
Viwili vikae tu, havina ugomvi. Ukibonyeza TAPE unasikia Bluetooth, ukiachia unarudi kwenye AUX. Chaja ya hicho kipokezi iwe ya maana, zile za mtaani zinaingiza mluzi.

Pini ya kugawa usitumie kuunganisha simu na laptopu kwenye tundu moja. Kila kimoja kitakuwa kinasukuma sauti yake ndani ya mwenzake, volyumu itashuka na mkwaruzo utaingia. Ama uhamishe pini kwa mkono, ama ununue kiboksi cha kuchagulia chenye swichi, hakina umeme wala chaja. Na kila unapohamisha pini, volyumu ya amplifaya ishuke sifuri kwanza. Ule mpasuko wa "pwaa" ndio unaoua twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba.