Fleti ya Masaki miezi saba sokoni: muuzaji kakaza bei au wanunuzi wamebadilika?

PwaniMoja:

Wakuu, swali kwa wanaolijua soko la nyumba za juu hapa Dar, hasa Masaki, Oysterbay, Msasani na Mbezi Beach upande wa bahari.

Kuna fleti ya vyumba vitatu, mita za mraba 185 kwa maelezo ya mwenye jengo, ghorofa ya nne, jengo la 2013, Masaki. Ilinunuliwa 2014 kwa shilingi milioni 480. Mwenyewe alikuwa anataja bei kwa dola, sasa kaigeuza kuwa shilingi milioni 850. Miezi saba imepita. Ofa zilizofika mezani ni mbili, milioni 600 na milioni 640. Waliokuja "kuangalia tu" hawahesabiki. Ikipangishwa inaingiza milioni 4.5 kwa mwezi, sevisi chaji ni laki saba. Iko kwa madalali wanne.

Nataka kujua: wanunuzi wa sasa wanaangalia nini? Na muuzaji afanye nini kabla ya kushusha bei, maana kushusha ni rahisi, kupandisha tena haiwezekani.

Kipimo_cha_Bei:

Mkuu, wanunuzi wamebadilika, na mabadiliko yenyewe hayakuanza jana.

Bei nyingi za Rasi ya Msasani zilijengwa juu ya mpangaji mmoja: balozi, shirika la kimataifa, kampuni ya gesi au ya madini. Analipa kwa dola, analipa mwaka mzima mbele, habishani. Mwenye nyumba akapiga hesabu ya kuuza kutokana na kodi ile. Kisha serikali ikaanza kuhamia Dodoma 2016, mashirika yakabana posho za nyumba, na majengo mapya yakazidi kuota Masaki. Wapangaji wa aina ile bado wapo, ila sasa wana pa kuchagua.

Halafu zikaja Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za Machi 2025. Bei ya bidhaa au huduma ya ndani haitajwi wala kulipwa kwa fedha za kigeni. Wauzaji wengi walichofanya ni kuchukua bei ya dola na kuizidisha kwa kiwango cha siku hiyo, basi. Mnunuzi mwenye shilingi hafikirii hivyo. Anafikiri hivi, na hii ndiyo hesabu ya fleti yako:

Kodi ya mwaka: milioni 4.5 mara 12 = milioni 54.
Toa mwezi mmoja na nusu wa kukaa tupu: inabaki 47,250,000.
Toa kodi ya zuio (ile ya TRA inayokatwa kwenye pango) ya asilimia 10: 4,725,000.
Toa sevisi chaji ya mwaka: 8,400,000.
Toa matengenezo, weka milioni 4 kwa jengo la umri huo.
Kinachobaki mfukoni: 30,125,000.

Kwa bei ya milioni 850 hiyo ni asilimia 3.5 kwa mwaka. Kwa milioni 640 ni asilimia 4.7. Mtu huyohuyo akienda kwenye hatifungani za serikali za muda mrefu, miaka ya karibuni zimempa zaidi ya asilimia 12, na riba yenyewe haikatwi kodi. Hana haja ya kupigiwa simu usiku kwamba bomba limepasuka. Kwa hiyo anayenunua fleti yako hanunui kwa ajili ya kodi peke yake. Ama anataka kuishi, ama anataka kuhifadhi thamani ya fedha yake kwenye ardhi ya Masaki. Wote wawili wanalipa taslimu au kwa awamu, kwa sababu mkopo wa nyumba wa riba ya asilimia 13 hadi 19 haulipiki na kodi ile. Na mwenye taslimu ndiye mnunuzi mgumu kuliko wote: hana haraka.

Kingine: fedha inayokimbilia kupangisha siku hizi iko kwenye fleti ndogo, chumba kimoja au viwili, zenye samani kamili, za wageni wa siku tatu au wiki. Vyumba vitatu vikubwa vimebaki kwa familia. Familia inauliza maji, maegesho ya magari mawili, chumba cha dada wa kazi, na foleni ya asubuhi. Daraja la Tanzanite tangu 2022 limesaidia hapo, kutoka Oysterbay hadi Upanga si adhabu tena. Liweke kwenye tangazo, ni hoja ya kweli kuliko "luxury finishing" ambayo kila mtu anaandika.

Nyumba za zamani za Oysterbay ni soko jingine kabisa. Pale mnunuzi analipia kiwanja. Mwenye nyumba anataka alipwe hata kwa lile jiko aliloweka mwaka juzi, mnunuzi nyumba nzima ameshaibomoa kichwani.

Karani_wa_Hati:

Kabla ya bei, karatasi. Fleti nyingi za Masaki hazikwami kwenye bei, zinakwama wiki ya tatu baada ya kukubaliana, wakili wa mnunuzi akishafanya upekuzi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati.

Swali la kwanza: una hati ya sehemu ya jengo chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, au una mkataba wa mauziano tu kutoka kwa mjenzi? Tofauti ni kubwa. Kuna majengo ambayo fleti zimeuzwa, watu wamehamia, mapazia yamening'inia, lakini hati mama ya jengo zima bado ina rehani ya benki iliyomkopesha mjenzi. Mengine ramani ya mgawanyo, ile inayoonyesha kila fleti na ukubwa wake, haisajiliki kwa sababu kibali kilikuwa cha ghorofa sita na zimesimama saba. Mnunuzi makini akiona hivyo anashusha ofa au anaondoka. Ofa ya milioni 600 wakati mwingine ni bei ya hatari hiyo.

Kama hati ya fleti ipo, andaa faili hili mapema:

1. Matokeo ya upekuzi ya hivi karibuni, yasiyo na zuio wala rehani.
2. Stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Mwaka wake unaanza Julai. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, lakini hakikisha mita imeunganishwa na fleti hiyo na si ya jirani.
3. Ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi. Mauzo mengi yamerudishwa mahakamani kwa hili tu.
4. Barua ya umoja wa wamiliki kwamba hudaiwi sevisi chaji.
5. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali.

Uhamisho wenyewe unakwenda na Fomu namba 29, 30 na 35: taarifa ya uhamisho, maombi ya idhini, na hati ya uhamisho. Ushuru wa stempu ni kama asilimia 1, kwa desturi analipa mnunuzi.

Kodi ya faida ya mtaji ndiyo inayowachanganya wauzaji. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, si ya bei. Tuseme imeuzwa milioni 680. Ilinunuliwa 480, na kuna risiti halali za maboresho za milioni 60. Faida ni milioni 140, kodi ni milioni 14. Sasa ikiwa hana karatasi za gharama, Sheria ya Fedha ya 2023 inamweka kwenye asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya uthamini, ile iliyo kubwa. Asilimia 3 ya 680 ni milioni 20.4. Milioni sita na laki nne zimekwenda kwa sababu mkataba wa 2014 na risiti za vigae havionekani. Uthamini ukija juu ya 680, zinakwenda zaidi.

Na tafadhali msiandike bei ya uongo kwenye mkataba. TRA wanaangalia uthamini, na mnunuzi aliyekubali kuandikiwa pungufu leo atalipa faida kubwa zaidi siku akiuza.

Kuhusu wanunuzi wageni: asiye raia hapati ardhi ila kwa uwekezaji uliopitia mamlaka ya uwekezaji. Kampuni ambayo wenye hisa wengi si raia inahesabiwa si raia pia. Kwa hiyo dalali anayekuambia "nina mzungu wa kununua", muulize anunue kwa njia gani kisheria. Akisita, hana mteja.

Fundi_Chumvi:

Wenzangu wamemaliza hesabu na karatasi. Jengo la 2013 Masaki linaliwa na chumvi, na mnunuzi wa sasa anakuja na mkaguzi. Mkaguzi haangalii sebule. Anafanya haya:

Anatazama dari ya balkoni kutoka chini. Mstari wa kutu au zege lililovimba maana yake nondo imeanza kupanuka ndani. Anagonga kwa nyundo ndogo. Mlio mzito, salama. Mlio wa debe tupu, zege limeachana na nondo. Tatizo hutokana na zege jembamba juu ya nondo, sentimita mbili mahali palipohitaji nne au tano. Kupaka rangi hakutibu. Tena balkoni moja ikiwa na rangi mpya na nyingine zote za zamani, umejitangaza mwenyewe. Dawa ni kukata zege hadi nyuma ya nondo kama milimita 20, kusafisha kutu yote, kupaka kinga, kisha kujaza kwa mota ya ukarabati. Hiyo ni kazi ya jengo zima na inatoka kwenye mfuko wa wamiliki. Mfuko upo? Una shilingi ngapi? Hilo ndilo swali la mnunuzi mwerevu.

Viyoyozi: sehemu ya nje, angalia mapezi ya alumini. Yakimong'onyoka kama biskuti, hesabu kubadilisha. Vyumba vitatu na sebule ni viyoyozi vinne.

Maji: visima vya rasi vina chumvi. Lete kipima TDS, yaani chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, ni kidogo kama kalamu. Ikivuka 1,000 utaisikia mdomoni, na hita za maji hazidumu. Tenki la jengo: fleti 20, watu wanne kila moja, lita 150 kwa mtu, ni lita 12,000 kwa siku. Jengo lenye tenki la lita 20,000 halivuki siku mbili DAWASA wakikata. Wauzaji wanaandika "maji masaa 24" bila kujua hesabu hii.

Jenereta: zamani ilikuwa swali la kwanza. Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwaka 2024 limeshuka, lakini muulizeni meneja wa jengo jenereta linatumika saa ngapi kwa mwezi. Jenereta la kVA 200 likibeba mzigo wa robo tatu linakunywa lita 30 hadi 40 za dizeli kwa saa. Sevisi chaji ya laki saba iliyopangwa enzi za mgao haina sababu ya kubaki laki saba. Ikishuka hadi laki tano, hesabu ya Kipimo inapata milioni 2.4 kwa mwaka bila kugusa bei.

Anayetazama nyumba za ufukweni Mbezi au Ununio apime mita 60 kutoka baharini kwanza. Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya hapo, hata ukuta uwe mzuri vipi.

PwaniMoja:

Shukrani wakuu. Hati ya fleti ipo, haina rehani. Mkataba wa 2014 upo, risiti ni za kutafuta. Balkoni nitapeleka mtu akagonge. Sasa bei: ashuke kidogo kidogo au mara moja? Na madalali wanne wabaki?

Kipimo_cha_Bei:

Mara moja. Ukishuka milioni 20 kila mwezi, wanaofuatilia wanajua kusubiri. Milioni 730 mpaka 740, na uwe tayari kufunga 680.

Madalali wapunguze hadi mmoja, mkataba wa maandishi wa siku 90, asilimia iandikwe, na iandikwe kwamba haweki cha juu, yaani nyongeza yake mwenyewe juu ya bei yako. Sasa hivi fleti hiyohiyo inaonekana mtandaoni kwa bei nne, na mnunuzi anaanzia kwenye ya chini kabisa. Tangu Julai 2025 udalali wa nyumba ni kazi ya raia tu, hakikisha leseni ina jina la nani. Malipo yapite benki kwa benki, asilimia 10 ya awali ikae kwa wakili mpaka idhini ya uhamisho itoke.

Karani_wa_Hati:

Jambo moja kabla hujapanga bei. Hizo mita 185 umesema ni za mwenye jengo. Fungua hati, angalia ramani ya mgawanyo imeandika ngapi. Wajenzi wengi huhesabu balkoni, maegesho na kipande cha korido. Ikiwa hati inasema 158, mnunuzi mwenye wakili ameshaiona. Milioni 850 kwa mita 185 ni kama milioni 4.6 kwa mita. Kiwango hichohicho kwa mita 158 kinakupa milioni 726.

PwaniMoja:

Nimefungua. Imeandikwa 161.