Paka mwoga, safari ya muda wa saa nane kwa gari: kasha gumu, begi laini au dawa?

Mwanzisha mada: Paka jike, kilo 4, analia na kutokwa na mate gari likianza tu kutembea. Nalinganisha kasha la plastiki, begi la kitambaa na kumwacha huru kiti cha nyuma. Feromoni (harufu za kupulizia za kumtuliza paka) zinatosha au dawa?

Mjumbe A: Kumwacha huru futa kabisa. Paka akishtuka hujipenyeza chini ya pedali za dereva. Chukua kasha gumu linalofunguka juu. Begi hubonyea likibanwa na zipu huachia akikwaruza. Asimame na kugeuka humo, basi. Likiwa kubwa mno atagongagonga kila kona. Liweke sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, maana mkanda wa kiti ukikaza ghafla unaweza kulipasua. Na lianze kukaa wazi sebuleni wiki 2 au 3 kabla, alale humo.

Mjumbe B: Hayo mate yasipuuzwe, ndugu. Mara nyingi ni kichefuchefu, na hapo muulize daktari wa mifugo kuhusu maropitanti, dawa ya kuzuia kutapika. Feromoni ni msaada mdogo: pulizia kitambaa cha ndani dakika 15 kabla hajaingia, ili spiriti iliyomo ipotee. Kwa woga hasa, gabapentini, dawa ya kutuliza, inazishinda. Kwa paka mzima madaktari wengi huandika miligramu 50 hadi 100, saa 2 au 3 kabla ya kuondoka. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa. Ijaribu nyumbani siku nyingine uone anavyopepesuka. Asepromazini, dawa ya kulegeza, peke yake siiungi mkono: mwili hulegea, hofu inabaki palepale. Paracetamol usithubutu, inaua paka.

Mwanzisha mada: Chakula na choo?

Mjumbe C: Mlo wa mwisho saa 4 hadi 6 kabla, maji usimnyime. Kila saa 4 simameni, milango na vioo vifungwe, avikwe mshipi wa kumshikia kabla kasha halijafunguliwa, kisha trei yenye mchanga uleule aliouzoea. Wengi hugoma kukojoa njiani. Zikipita saa 24 bila mkojo, mpeleke kwa daktari; kwa dume anayejikamua bila kutoa kitu, usisubiri hata hizo.

Mjumbe A: Shuka jepesi pande tatu za kasha humtuliza, ila upande wa mlango usifunikwe, hewa ipite. Akihema mdomo wazi, fungua shuka lote na poza gari; asipotulia ndani ya dakika chache, tafuteni daktari aliye karibu.