Mbwa wangu ana pointi 15 na bado si bingwa: huu mchezo wa kuvunja meja ukomeshwe

Wakuu, salaam. Nimefika nyumbani juzi saa saba usiku baada ya kuendesha gari kwa saa nne nikitoka kwenye onyesho la mbwa, na mpaka leo donge halijashuka kooni. Naomba mnisome mpaka mwisho, hasa mlioko huku Marekani mnaotaka kununua mbwa kwa kuangalia karatasi zake.

Mimi nafuga basenji hapa Ohio. Ndiye yule mbwa mdogo wa Kongo asiyebweka. Akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka kama mtu anayejifunza kupiga vigelegele. Jina lenyewe mkilisikiliza mtalitambua, ni ndugu wa neno letu "washenzi". Wazungu walimtoa huko, mwaka 1937 akaonyeshwa Crufts, lile onyesho kubwa la mbwa kule Uingereza, na leo ana kitabu chake cha ukoo na majaji wa kumkagua masikio. Dume wangu namwita Ukwaju kwa ajili ya rangi yake.

Sasa sikilizeni ubingwa wa umbo unavyopatikana kwa kanuni za AKC, chama kikubwa cha mbwa wa mbegu huku. Mbwa anatakiwa akusanye pointi 15. Onyesho moja linatoa pointi moja hadi tano, na katika kila mbegu ni dume mmoja na jike mmoja tu kati ya wanaoutafuta ubingwa wanaoondoka nazo. Ukipata tatu, nne au tano kwa mpigo, hiyo inaitwa meja. Lazima uwe na meja mbili kutoka kwa majaji wawili tofauti, na jaji wa tatu naye awe amekupa angalau pointi moja. Hapo sina ugomvi. Inazuia jaji mmoja kumbeba mbwa wa rafiki yake mpaka juu.

Ugomvi wangu ni hesabu ya hizo pointi. Haiangalii mbwa alishinda kwa uzuri gani. Inaangalia mbwa wangapi wa mbegu na jinsia hiyo waliingia ringini siku ile, kwa jedwali linalobadilishwa kila mwaka na linalotofautiana eneo kwa eneo. Wakija wengi, ushindi wako ni meja. Wasipokuja, mbwa yuleyule, mbele ya jaji yuleyule, anapewa pointi moja.

Jumamosi Ukwaju aliingia akiwa na pointi 13 na meja moja. Alibakiza meja moja tu. Katalogi, yaani orodha ya mbwa walioandikishwa, ilikuwa na madume sita, na sita ndiyo idadi kamili iliyohitajika kwa meja ya pointi tatu. Asubuhi nilipita kwenye vizimba nikawahesabu kwa macho yangu, wote sita wapo. Wawili walikuwa chini ya hendla mmoja, hawa watu wanaolipwa kukuongozea mbwa wako mbele ya jaji. Mbwa wazima kabisa, wamechanwa manyoya, kucha zimekatwa, mmoja anakula vipande vya kuku mkononi mwake. Dakika kumi kabla ya kuitwa, yule hendla akaenda mezani kwa msaidizi wa jaji akasema wawili wake hawaingii. Msaidizi akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya namba mbili. Meja ikavunjika pale pale.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Hakuna aliyetaka karatasi ya daktari wa mifugo. Waliokaa pembeni ya ringi wakaniambia hiyo ni kawaida: hendla akiona jaji huyu si wa kumpa kitu, anawatoa mbwa wake, na wengine wakikosa meja si shauri lake. Kawaida! Watu wazima wananiambia hivyo huku wanakunywa kahawa.

Tukaingia wanne. Ukwaju akapandishwa mezani, maana basenji hukaguliwa juu ya meza. Jaji, mama mmoja mtu mzima, akamfungua mdomo akatazama meno, akapitisha vidole kwenye makunyanzi ya paji la uso, akateremka mabegani, akapapasa mgongo, akahakikisha korodani zote mbili zipo kwa kuwa dume aliyehasiwa haruhusiwi, akamalizia kwenye mkia uliojikunja ubavuni. Ukwaju hakutikisika. Nilipomkimbiza alikwenda mguu mwepesi, kichwa juu, kamba imelegea mkononi mwangu. Nilizoea kuifikiria siku hiyo nikiwa zamu ya usiku kazini. Yule mama akanyoosha kidole kwetu, akanipa utepe wa zambarau wa dume mshindi.

Pointi mbili.

Kumi na tatu na mbili ni 15. Anazo 15 hivi sasa ninavyoandika, amelala miguuni pangu, na si bingwa kwa sababu meja ya pili haipo.

Na kuna upande wa pili wa uchafu huu. Kwenye onyesho jingine, mwezi uliopita, nilimwona mtu amekuja na majike watano wa nyumbani kwake, wanne kati yao hata kusimama vizuri hawajui, ili mradi idadi itimie na yule wa tano apate meja. Akaipata. Kwa hiyo ukiwa na mbwa wengi unaweza kuijenga meja, na ukiwa na mbwa wengi unaweza kuibomoa. Mwenye mbwa mmoja kama mimi anasubiri huruma.

Halafu tazameni pesa. Kiingilio changu, dola 35, nilikilipa wiki kadhaa kabla, kwa kuwa uandikishaji hufungwa mapema ili katalogi ichapishwe. Pesa zinachukuliwa kwa walioandikishwa, pointi zinatolewa kwa walioingia. Kwa nini zisitolewe kwa walioandikishwa? Najua mtu atasema watu wataandikisha mbwa hewa. Sawa, basi anayemtoa mbwa siku ya onyesho alete cheti cha daktari, asipoleta akae nje maonyesho matatu. Muone kama mtu atamtoa mbwa mzima anayekula kuku. Uingereza hawahesabu vichwa hivi: bingwa ni mbwa aliyepata vyeti vitatu vya ushindi kutoka kwa majaji watatu tofauti, angalau kimoja akiwa ameshatimiza miezi 12, na jaji asipoona anayestahili anakizuia cheti. Cheti ni cheti, wawe wamekuja wanne au arobaini.

Mtaniambia ni utepe tu, ndugu, unalilia nini. Nawaambia. Kabla ya Ukwaju nilikuwa na jike, Shani, nilimnunua mwaka 2014. Karatasi zake zilijaa mabingwa: baba bingwa, babu bingwa, bibi bingwa. Niliziamini. Alipofika miaka mitano akaanza kunywa maji kupita kiasi, bakuli likijaa asubuhi saa nne limekauka, usiku ananiamsha atoke nje. Daktari akapima: sukari imejaa kwenye mkojo lakini ya kwenye damu ni ya kawaida. Fankoni. Figo zinavujisha kila kitu ambacho mwili unakihitaji. Huu ni ugonjwa wa kurithi unaojulikana sana kwa basenji. Kipimo cha awali cha vinasaba kilipatikana mwaka 2007, na mwaka 2011 kikaja kinachosoma jeni lenyewe. Unasugua kijiti ndani ya shavu la mbwa, unakituma kwa posta. Ndiyo kazi yote! Aliyemzalisha Shani hakuifanya, na ubingwa wa baba yake haukumdai aifanye. Hata leo haudai. Shani nilimzika kabla hajafika miaka saba.

Ndiyo maana meja inaniuma. Bingwa ndiye anayeombwa kupanda majike. Basenji wa huku wametokana na mbwa wachache mno, kiasi kwamba mwaka 1990 ilibidi kitabu cha ukoo kifunguliwe ili kupokea mbwa wapya kutoka Kongo. Katika ukoo mwembamba hivyo, dume mmoja mwenye cheo anasambaza figo zake kila mahali, na cheo chenyewe kinategemea nani kaamka vibaya akawatoa mbwa wake.

Na msiniambie cheo hakiwezi kufungamanishwa na afya. Mwaka 2012 pale Crufts, washindi wa mbegu 15 walipelekwa kwa daktari wa mifugo kabla ya kuthibitishwa. Sita walikataliwa, bulldog na pekingese wakiwemo, na hawakusonga mbele. Watu walilia, lakini ilifanyika.

Nimeshaiandikia klabu iliyoandaa onyesho la Jumamosi. Wamenijibu mistari miwili: kanuni zote zilifuatwa, asante kwa kushiriki. Jana usiku nimewarudishia barua nikiuliza hendla alitoa sababu gani, na imeandikwa wapi. Nimeambatanisha na cheti cha figo cha Ukwaju. Yuko safi upande wa baba na wa mama. Kwa pointi zake zote 15, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukiomba.